Mzigo wa Kamera Kubwa

Walimu wenzangu wanaoniona nikipanda vilima vya Rusizi na begi zito mgongoni na miguu mitatu ya chuma begani huniuliza swali moja, na wengine huliuliza kwa huruma: mtu mwenye simu mfukoni ana haja gani ya kujitwisha mzigo kama huo ili apige picha? Swali hilo ni la haki. Nimeona yafaa nilijibu katika kurasa hizi, kwa kuwa jibu lake linapita mambo ya kamera. Linagusa namna tunavyowatazama watu wetu na mahali petu, na pia deni tulilo nalo kwa wale ambao hawakuachiwa picha za jamaa zao.

Kwanza nieleze chombo chenyewe, maana wasomaji wengi hawajakiona. Kamera hii ni mtindo wa zamani sana ambao haujafa. Mbele kuna ubao mdogo uliobeba lenzi. Nyuma kuna fremu yenye kioo cha ukungu. Na kati ya hizo mbili kuna ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa mithili ya mvukuto wa mhunzi. Mpiga picha hujifunika shuka jeusi, akaitazama taswira inavyotua juu ya kile kioo, nayo hutua kichwa chini na miguu juu. Akisharidhika, huufunga mlango wa lenzi, huingiza nyuma ya kamera bweta jembamba lenye filamu, huvuta kifuniko chake, kisha huruhusu mwanga uingie kwa muda alioupima. Bweta moja hubeba filamu mbili tu, moja kila upande. Filamu ya kamera ndogo iliyozoeleka ina milimita 24 kwa 36. Ya kwangu ina inchi 4 kwa 5, yaani takriban sentimita 10 kwa 12 na nusu. Ukilinganisha sehemu zinazopokea picha, hii ni kubwa kuliko ile kwa zaidi ya mara 13. Ndiyo maana uso wa mtu, jani la mgomba na ufa ulio ukutani hutokea kwa utulivu ambao filamu ndogo hushindwa kuutoa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Msemo huo niliukumbuka mara nyingi nilipokuwa nikitafuta kamera ya kununua, kwani mtu anaweza kumaliza ujana wake akilinganisha lenzi na asipige hata picha moja. Hata hivyo, jembe la shamba la bondeni si jembe la shamba la mlimani, na mkulima wa Rusizi anajua hivyo. Mbele yangu palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kamera ya reli, ambayo sehemu zake za mbele na nyuma huteleza juu ya boriti moja ya chuma. Hiyo ni imara, na hupindika kila upande anaoutaka mpiga picha, lakini peke yake yaweza kufika kilo nne au tano, na haikunjiki vizuri. Hufaa mtu mwenye studio. Ya pili ilikuwa kamera ya inchi 8 kwa 10. Picha yake ni ya ajabu, lakini filamu yake moja ina ukubwa wa filamu nne za ile ndogo, na bei yake hufuata ukubwa huo. Ya tatu ilikuwa kamera ya mbao ya inchi 4 kwa 5 inayokunjwa ikawa kama sanduku la vitabu, yenye uzito wa kilo mbili hivi. Hiyo ndiyo niliyoichagua, si kwa sababu ni bora kuliko zote, ila kwa sababu miguu yangu ndiyo gari lake.

Nikaipatia lenzi mbili. Moja ni ya milimita 150, ambayo kwa filamu ya kadiri hiyo huona takriban kama macho yetu yanavyoona. Nyingine ni ya milimita 90, ambayo hukumbatia mahali papana na hunifaa ndani ya nyumba na katika vichochoro. Filamu ni nyeusi na nyeupe. Haziuzwi katika maduka ya Kamembe. Huagizwa kutoka mbali, na kwa hiyo kila moja huhesabiwa kama risasi ya mwindaji. Hushukuru kwamba ninaweza kuzisafisha mwenyewe usiku jikoni, madirisha yakiwa yamezibwa. Dawa ya kusafishia hupenda maji ya nyuzi 20 hivi, na hewa ya Kamembe, mji ulio juu ya mita 1,500, hunipa maji ya karibu na kipimo hicho bila taabu kubwa. Nikishuka katika tambarare ya Bugarama, ambako ndiko chini kuliko kote nchini Rwanda, mambo hubadilika: joto hulegeza gundi, mikono hutoa jasho, na mabweta lazima yafungiwe kitambaa cheupe yasichomwe na jua.

Sasa nije kwenye mzigo. Kamera, lenzi mbili, mabweta sita, miguu mitatu, shuka, kipima mwanga, kioo cha kukuzia, mwavuli na chupa ya maji: vyote pamoja hukaribia kilo tisa. Baada ya saa mbili za kupanda, kilo tisa hizo huwa na usemi wake. Lakini kila zinapoanza kuniumiza mabega hukumbuka hesabu moja. Katika misafara ya zamani iliyotoka pwani, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Mimi, basi, nabeba kidogo kuzidi nusu frasila, tena kwa hiari yangu, na jioni narudi nyumbani kula.

Hesabu hiyo siifanyi kwa mchezo. Picha za mwanzo za nchi yetu zilifika na misafara ya namna hiyo. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda na kufika Ziwa Kivu akifuatana na mamia ya wapagazi. Miaka michache baadaye Daktari Richard Kandt, aliyekuja kutafuta chimbuko la mto Nile, aliweka makao yake Shangi, ukingoni mwa ziwa hili hili, katika wilaya ambayo leo inaitwa Nyamasheke. Mwaka 1907 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliingia Rwanda na kundi la wataalamu, mmoja wao akiwa Jan Czekanowski, Mpolandi mtaalamu wa elimu ya watu. Katika enzi hiyo safari nyingi zilitumia sahani za kioo, na kioo ni kizito na huvunjika. Kila sahani iliyofika Ulaya salama ilikuwa imepita juu ya kichwa au bega la mtu fulani. Majina ya wakuu wa misafara tunayo vitabuni. Wapagazi, kwa sehemu kubwa, hatuna majina yao. Aghalabu hata waliopigwa picha hawakuandikwa majina. Waliandikwa kuwa mfano wa kabila fulani, au mtu wa kimo fulani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: yule aliyeitazama picha kule mbali hakuhisi uzito wake.

Na kuna jambo jingine linalotuhusu sisi walimu. Njia zile zile za wapagazi ndizo zilizoleta Kiswahili ndani ya bara. Lugha ninayoifundisha, ambayo mwaka 2017 ilifanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na nyingine, ilipita ikiwa mdomoni mwa watu waliobeba mizigo. Kwa hiyo nimejiwekea masharti matatu. Mzigo wangu naubeba mwenyewe. Mtu ninayempiga picha namwandika jina lake kamili, kwa namna anavyotaka liandikwe. Na nakala ya kwanza ni yake.

Kamera kubwa ina adabu yake, na yeyote asiyeipenda adabu hiyo ataiacha upesi. Huwezi kuiba picha nayo. Ukisimamisha miguu mitatu kando ya njia, watu wote wa kilima wamekwisha kukuona. Katika nchi ambayo ardhi ni haba na kila hatua ya shamba ina mwenyewe, watu humdhania mpiga picha huyu kuwa mpima ardhi, na swali lao la kwanza ni kama kuna barabara itakayopita hapo. Nimejifunza kwenda kwanza kwa kiongozi wa kijiji, kueleza nia yangu, kisha kukaa na wenye mji kabla ya kufungua begi. Daraja la mpakani siligusi, wala kituo cha forodha, kwa kuwa mambo ya mipaka yana sheria zake. Na mtu akikataa, nakunja miguu mitatu na kumshukuru. Akikubali, humkaribisha kwanza chini ya shuka atazame. Wazee hucheka wanapoona ng'ombe wao anatembea miguu juu. Watoto hupanga foleni. Pale ndipo woga unapoondoka, maana aliyetazama kupitia chombo hakioni tena kuwa cha mgeni.

Faida nyingine ni ile ya kupindika. Mji wa zamani wa Cyangugu uko chini, karibu na maji, mahali mto Rusizi unapotoka Ziwa Kivu na kuanza safari yake ya kwenda Tanganyika, na ng'ambo yake kuna Bukavu. Maduka na ofisi nyingi zimehamia juu Kamembe, na baadhi ya nyumba za chini zimebaki zikizeeka. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga pande zote mbili za mpaka. Watu walikufa, wengine wakiwa kanisani siku ya Jumapili, na kuta nyingi zilipata nyufa. Tangu hapo nimezitazama nyumba hizi kama mtu anavyomtazama babu yake mgonjwa. Ukizipiga picha kutoka chini ya mteremko kwa kamera ya kawaida, huna budi kuiinua pua yake, na hapo kuta huonekana zikianguka nyuma. Kwa kamera yangu, filamu hubaki wima kama ukuta wenyewe, na lenzi peke yake hupandishwa. Nyumba husimama jinsi fundi alivyoisimamisha, na ufa huonekana ni ufa, wala hauchanganyiki na upotofu wa kamera.

Vivyo hivyo mashambani. Mtu akisimama ukingoni mwa shamba la mihogo, jani liko hatua mbili mbele yake na visiwa viko kilomita kadhaa ng'ambo. Jicho huona vyote kwa kuwa hukimbia kutoka hapa hadi pale. Lenzi iliyosimama wima huchagua kimoja. Lakini lenzi ikiinamishwa mbele kidogo, kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria aliyeieleza mwaka 1904, ardhi yote kutoka miguuni hadi ziwani hukaa sawa machoni. Kuna jioni nilisubiri wavuvi wa sambaza watoke. Mitumbwi yao huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wapiga makasia huimba. Filamu iliyohitaji sekunde nne ilinipa ziwa laini kama shuka, na mahali pa wavuvi pakawa na mstari wa kivuli tu. Nikaelewa kwamba si kila kitu ni chakula cha kamera hii. Yeye ni rafiki wa vitu vinavyokaa na watu walio tayari kukaa.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, nieleze pia kisa cha maneno. Nilipoipeleka kamera darasani, wanafunzi walitaka kila sehemu ipewe jina. Baadhi ya majina yalikuja yenyewe: lenzi, filamu, kioo cha ukungu, shuka. Ile ngozi iliyokunjwa, kijana mmoja ambaye babu yake alifua majembe aliiita mvukuto bila kufikiri, na sote tukakubali. Kifaa kinachobeba filamu kilitusumbua. Mmoja alisema kifuko, mwingine sahani. Mwishowe tukashika bweta, neno la kale la kijisanduku ambalo wengi wao hawakuwahi kulitumia. Sasa nalisikia likitamkwa uwanjani kana kwamba lilizaliwa Kamembe. Wanaosema kuwa Kiswahili hakina maneno ya ufundi waje wakiweke kifaa mezani mbele ya watoto thelathini, halafu wangoje.

Nimebakiza sababu iliyo nzito kuliko zote. Wilaya yetu ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, na yaliyotendeka hapa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yanajulikana. Watu walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, na wengi wakatolewa humo wakaenda kuuawa; maelfu ya waliosalia walikutwa katika kambi ya Nyarushishi. Pamoja na watu, nyumba zilibomolewa na kuchomwa, na ndani ya nyumba zile mlikuwa na picha. Anayezuru ukumbusho wa Kigali huona chumba ambamo picha za wafu, zilizotolewa na jamaa zao, zimetundikwa. Msomaji na afikiri juu ya wale ambao hawakuwa na cha kutundika.

Mama mmoja wa kilima kisichofikiwa na gari alisikia kwamba yupo mwalimu mwenye kamera kubwa. Jina lake ninalo, naye ameniomba nisilichapishe. Alikuwa na picha moja ya kaka yake mkubwa, iliyobanduliwa kwenye kitambulisho cha zamani, urefu wake ukiwa sentimita nne na nusu. Mjukuu wake alikwisha kuipiga kwa simu. Simu ikaibwa sokoni. Nilimtumia salamu kwamba akiileta mjini nitamtengenezea nakala. Jibu lake likaja kwa mdomo wa mtoto: picha haitoki nyumbani. Basi, kwa kuwa picha haikuweza kuja kwa kamera, kamera ilikwenda kwa picha.

Nilipofika alinitangulizia uji, kisha akafungua kitambaa. "Mwalimu," alisema, "hiki ndicho kilichobaki. Ukitazame, lakini usikipeleke mbali nami."

"Mama," nikamjibu, "kitakaa hapa mezani, nawe utakaa kando yake."

Tuliivuta meza hadi dirishani na kuining'iniza shuka nyeupe upande wa pili irudishe mwanga. Nilitumia lenzi ya milimita 90 na kuuvuta mvukuto mpaka lenzi ikawa milimita 270 kutoka kwenye filamu. Kwa umbali huo kitu huandikwa kwa ukubwa mara mbili, na mwanga unaofika kwenye filamu hupungua hadi sehemu ya tisa. Kipima mwanga kilisema sekunde moja. Umbali ukaifanya kuwa tisa. Na kwa kuwa filamu huchoka ikingojeshwa katika mwanga mdogo, nikahesabu hadi kumi na sita. Mama alihesabu pamoja nami kwa sauti ndogo. Kabla ya hapo alikuwa ameingia chini ya shuka, nami nilisimama nje nikiishika ncha yake. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka hakusema lolote juu ya kumwona kaka yake kichwa chini. Alisema tu, "Kifungo."

Nilirudi kutazama kwa kioo cha kukuzia. Katika koti la yule kijana, kifungo cha pili hakikufanana na vingine; kilikuwa na matundu mawili, vingine vina manne. Mama akaeleza kwamba yeye ndiye aliyekishona, asubuhi ya siku ile kaka yake alipokwenda kupigwa picha, kwa kukitoa katika gauni lake la shule. Miaka yote hiyo macho yake hayakuweza kukiona katika picha ndogo kiasi kile. Alikikumbuka, lakini hakuwa na hakika tena kama ni kumbukumbu au ni ndoto.

Filamu kubwa haihitaji mashine ya kukuzia. Usiku ule nyumbani niliilaza juu ya karatasi ya picha, nikaifunika kwa kioo, nikaimulika. Nakala ikatoka na kimo cha sentimita tisa, uso wa mtu ukijaa kiganja. Kamera haikuongeza kitu kisichokuwamo. Haiwezi, wala isitumainiwe kufanya hivyo. Iliondoa tu udogo. Nakala tatu nilizirudisha kilimani kwa miguu, na nyuma ya kila moja Mama aliandika jina la kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na jina la baba yao na la kilima alikozaliwa. Filamu yenyewe alinikabidhi niitunze, kwa ahadi kwamba atakapoitaka nitaipeleka.

Sisemi kwamba kila mwalimu anunue kamera ya namna hii. Mwenye simu atumie simu, na mwenye kamera ndogo aitumie hiyo. Ninalowaomba wenzangu ni jambo linalowezekana kwa kila mmoja. Tuwaulize wanafunzi wetu ni picha gani ya kale iliyomo nyumbani kwao, na nani anazijua sura zilizomo. Tuwaagize wayaandike majina kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, wakati wazee wangali na sauti. Tutengeneze nakala zisizotegemea betri. Na pale ambapo picha haiwezi kutoka nyumbani, sisi ndio twende, tukiwa tumebeba kile kinachohitajiwa, hata kikiwa kizito. Vilima vya Rusizi ni vingi, na wenye vitambaa vilivyofungwa namna ile wanapungua kila mwaka.